MTARAKWA NA KALAMU YA KARANI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Mbinga)



Kamati ilipotuagiza tuseme machache katika mkutano huu, wazo letu la kwanza lilikuwa kusema habari za mishahara na nyumba za watumishi, kwa kuwa hayo ndiyo maneno ambayo karani huyasikiliza hata akiwa na usingizi. Lakini mambo hayo Bwana Katibu ameyaeleza vema mara nyingi, na sisi hatuna la kuongeza ila manung'uniko. Basi tumechagua kusema habari za mti mmoja. Yumkini wako watakaonong'ona, "Sisi tu watu wa kalamu, habari za miti ni kazi ya Bwana Misitu." Neno hilo ndilo tunalotaka kulijibu leo, maana mti tutakaoutaja na kalamu tuishikayo wana udugu wa karibu kuliko mnavyodhani.

Mti wenyewe huitwa mtarakwa. Wamasai huuita ol-tarakwai, Wakikuyu mutarakwa, na huko Usambara hujulikana kwa jina la mwangati. Wataalamu wa mimea waliupa jina la Kilatini, Juniperus procera, mwaka 1847, kwa kutazama matawi yaliyochumwa Uhabeshi. Na neno hilo la pili maana yake ni mrefu. Wengine huuita mwerezi, na hapo yatupasa tusimame kidogo, kwa sababu sisi tuliosoma katika shule za misheni twaujua mwerezi wa Lebanoni tangu utoto, ule uliojengewa hekalu la Mfalme Sulemani. Huo si huu. Mwerezi wa Lebanoni ni wa ukoo wa misonobari, na mtarakwa ni wa ukoo wa misipresi, miti ile ambayo watu wengi hukata matawi yake kupamba nyumba wakati wa Krismasi. Harufu nzuri ya mbao zake na wekundu wake ndivyo vilivyowafanya wageni kuuita mwerezi.

Tuutazame sasa umbo lake. Ukiwa mchanga majani yake ni kama sindano, nayo huchoma mkono. Ukikua majani hugeuka yakawa madogo kama magamba ya samaki, yamelaliana juu ya vijiti. Shina lake husimama wima, lenye mifereji kama nguzo iliyochongwa, na mti mzima waweza kufika mita 40. Gome lake ni jembamba, hubanduka kwa vipande virefu, na watu wa milimani walilitumia tangu zamani kuezekea vibanda na kutengenezea mizinga ya nyuki. Mara nyingi katika mashina makubwa huning'inia ndevu za kijivu za kuvu na ukoga, zinazokunywa ukungu wa asubuhi. Tena, kwa kawaida miti hii imegawanyika, huu dume na huu jike. Dume hutoa unga, na jike huzaa vitunda vidogo vya mviringo, vyenye rangi ya samawati iliyoiva kuwa nyeusi, visivyozidi ukubwa wa punje ya pilipili manga kwa sana. Ndege huvila na kuzitupa mbegu mbali. Kwa hiyo mtu akiona mti mmoja umebaki peke yake mlimani asiseme, "Alhamdulillahi, umesalia." Mti uliobaki peke yake, usio na mwenzi, ni kama daftari lenye upande wa matumizi tu, lisilo na upande wa mapato.

Makao ya mtarakwa ni milimani. Huanzia Arabuni ng'ambo ya Bahari ya Sham, ukashuka Eritrea na Uhabeshi, ukapita milima ya Kenya na Uganda, ukaingia katika nchi yetu kwa Meru, Kilimanjaro na Usambara, hata ukafika Malawi. Hupenda zaidi mahali palipoinuka kutoka mita 1,800 hata mita 2,700 hivi juu ya bahari, penye baridi, ukungu na mvua ya kadiri, nao hukaa pamoja na mzeituni mwitu na mipodo. Ndugu zake wa jamii moja ni wengi, wapita 50, nao wote wamekaa upande wa kaskazini wa dunia: Ulaya, Asia, Marekani. Ni huu mmoja tu uliovuka mstari wa Ikweta pasipo kupandwa na mtu, ukafanya maskani kusini.

Sasa, ndugu, ikumbukeni ramani. Mtu akisimama pale Lituhi, ufukoni mwa ziwa letu la Nyasa, siku ya anga safi baada ya mvua, akitazama machweo, huiona milima ya Malawi imesimama ng'ambo. Juu ya milima ile, nyuma ya Livingstonia, kuna nyanda ya juu iitwayo Nyika, ambayo kilele chake, Nganda, chafika mita 2,605. Upande wa kusini mashariki wa nyanda hiyo uko msitu wa mitarakwa, nao ni mmojawapo wa misitu ya mwisho kabisa ya mti huu kuelekea kusini mwa Afrika. Tangu mwaka 1965 Nyika imekuwa hifadhi ya taifa ya Malawi. Basi mtarakwa, ambao wengi wetu tunausikia kama habari ya Umasaini, ni jirani yetu wa ziwa moja. Misitu yetu ya Mbinga ni ya miyombo, mikusu na mininga. Lakini jua letu linapotua hutua juu ya mitarakwa.

Tuseme sasa jinsi mti huu unavyoishi, maana hapo ndipo penye funzo kubwa, nasi twaomba masikio yenu yote.

Mtarakwa ni mti wa mwangaza. Mbegu yake ikianguka chini ya kivuli kizito, hata kama ni kivuli cha mama yake mwenyewe, haikui vema. Kwa hiyo katika msitu mkubwa wa mitarakwa mizee, mtu aweza kutembea mwendo mrefu asione mche hata mmoja wa mtarakwa. Ataona miche ya miti mingine, ya majani mapana, inayovumilia giza. Miti hiyo hukua polepole, na mitarakwa mizee inapokufa mmoja mmoja, wageni hurithi nyumba. Je, mtarakwa hupata wapi mahali pa kuzaa? Hupata mahali palipofunguka: palipoporomoka udongo, palipoanguka miti kwa dhoruba, na zaidi ya yote, palipopita moto. Moto ukipita na kuacha majivu na mwangaza, na ndege wakaleta mbegu, baada ya miaka michache mlima huota mitarakwa ya rika moja, imesimama sawasawa kama askari katika gwaride.

Lakini moto huo huo ndio adui yake. Gome lake ni jembamba na kavu, mafuta yamo ndani ya mti, na mti mkubwa ukishikwa na moto haupati nafuu. Tena miche iliyoota baada ya moto wa kwanza ikikutwa na moto wa pili kabla haijakomaa, hufa yote, na mahali pale hugeuka kuwa mbuga ya nyasi. Na nyasi zikikauka huita moto wa tatu. Ndiyo sababu msitu wa Nyika, uliozungukwa na nyasi pande zote, umehitaji watu wa kufyeka njia za kuzuia moto mwaka hata mwaka. Pasipo kufanya hivyo ungalikwisha kuliwa kutoka pembeni kama mkate mkononi mwa mtoto.

Mwaona, basi, kwamba mti huu hauhifadhiwi kwa neno moja. Anayesema, "Choma, ndivyo uzaavyo," atauua. Na anayesema, "Fungeni mlango, asiingie mtu wala kitu milele," naye ataukuta umepungua pole pole ndani ya nyumba iliyofungwa. Moto wa mara moja katika maisha ya mtu ni mkunga. Moto wa kila mwaka ni mchawi. Kazi ya mtunzaji ni kujua hesabu ya miaka, na kujua hesabu ni kazi ya watu kama sisi.

Tuje kwenye kalamu. Tangu zamani watu wa milimani walijua sifa ya mbao za mtarakwa: hazioozi upesi, mchwa hawazipendi, na nguzo yake ikizikwa ardhini hudumu miaka mingi sana. Tena hupasuka kwa unyofu na kuchongeka kwa wepesi bila kuvunjika. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyowaleta wenye viwanda vya kalamu za risasi. Wao walikuwa wakitumia mti wa Marekani, ndugu wa mtarakwa, hata ulipoanza kuadimika kwa ukataji. Wakatafuta mwingine wenye tabia ile ile, wakauona kwetu, na ndivyo Waingereza walivyoupa jina la mwerezi wa kalamu. Katika wakati wa Wadachi, kabla ya vita vya 1914, kampuni ya Wilkins na Wiese ilifanya kazi ya mbao huko Shume katika Usambara, mahali walipopaita Neu-Hornow. Kwa kuwa mlima ni mkali mno, walitandika kamba ya chuma kutoka juu hata stesheni ya Mkumbara chini katika njia ya reli ya Tanga, na magogo yakashuka yakining'inia hewani. Kenya nayo ilipeleka ng'ambo vibao vya kutengenezea kalamu kwa miaka mingi.

Fikirini jambo hilo. Mti uliokua polepole katika ukungu wa Shume ulikatwa, ukateremshwa kwa kamba, ukapanda meli, ukageuzwa kalamu, na yamkini kalamu nyingine zikarudi Afrika katika makasha ya ofisi, ili karani aandike nazo idadi ya magogo yaliyokatwa. Siku hizi kalamu nyingi hutengenezwa kwa miti ya namna nyingine, na maofisini kompyuta imechukua kiti cha mbele. Walakini deni halifutwi kwa kubadili daftari.

Mtu atauliza: je, mtarakwa umo katika hatari ya kwisha? Umoja wa Kimataifa wa Kuhifadhi Maumbile Asilia ulipoupima mwaka 2013, uliuweka katika kundi la miti isiyo katika hatari kubwa, kwa sababu makao yake ni mapana, kutoka Arabuni hata Malawi. Habari hiyo ni njema, nasi hatutaki kumtisha mtu kwa uongo. Lakini ninyi ni watu wa mahesabu, mwajua vizuri jinsi jumla inavyoweza kuficha. Taarifa ya mwaka ya wilaya yaweza kuonyesha kwamba chakula kilitosha, hali kata moja ilikula mizizi. Vivyo hivyo jumla ya mitarakwa ya Afrika yaonyesha salama, hali mahali mahali msitu umekatwa kwa nguzo za ua na mbao, au umegeuzwa shamba, au umechomwa na wachungaji wakitafuta majani mabichi. Na ambapo mti hukua kwa mwendo wa polepole, ufa mdogo wa leo huzibwa na mjukuu.

Tena kuna adui aliyeingia kwa mlango wa ziwa letu. Mwaka 1986 katika Malawi walionekana vidukari wageni, wadudu wadogo wanyonyao utomvu wa misipresi, ambao hawakuwa wamepata kuonekana katika Afrika. Kwa miaka michache tu wakawa wamepita Tanzania na kufika Kenya. Misipresi iliyopandwa kwa safu katika misheni, shule na mashamba ya serikali ikageuka rangi ya kutu na kukauka, na kwa kuwa mtarakwa ni wa ukoo huo, nao haukuachwa. Wataalamu walipambana nao kwa kuleta kutoka ng'ambo nyigu mdogo sana ambaye hutaga mayai yake ndani ya kidukari. Twalitaja jambo hili ili ijulikane kwamba wadudu hawaulizi pasi mpakani. Shamba lililopandwa mti wa aina moja tu, tena mgeni, ni nyumba yenye mlango mmoja. Mwizi akiupata ufunguo huchukua vyote.

Na mkitaka kuona mwisho wa njia hii, tazameni kusini mwa ziwa. Juu ya mlima Mulanje katika Malawi uko mti mwingine wa ukoo huo huo, ambao Wamalawi wameufanya mti wa taifa lao. Makao yake ya asili ni mlima ule tu. Mbao zake zilisifiwa kwa kujengea nyumba na mashua. Ulilindwa kwa sheria, ukaandikiwa vibali, ukahesabiwa. Na bado ukakatwa usiku na mchana, hata leo umo katika kundi la miti iliyo karibu kabisa kutoweka. Sheria ilikuwako na karatasi zilikuwako. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama kati ya karatasi na shoka.

Hapa ndipo tunapofika kwetu, Bwana Mwenyekiti. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yasema wazi habari za vibali, tena yaruhusu kijiji kutenga msitu wake chenyewe na kuutunza. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za watu katika mita 60 kutoka chanzo cha maji. Mbao zinazopita barabarani zatakiwa kuwa na alama ya nyundo na hati ya kusafirishia. Na hayo yote, tangu mwanzo hata mwisho, hupita mikononi mwa nani? Hupita mikononi mwa karani. Bwana Misitu aweza kuwa mlimani siku moja katika juma. Karani yuko mezani siku tano.

Turuhusuni tuseme jambo lililotupata wenyewe, ambalo hatulisemi kwa fahari. Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi moja ambayo hatuitaji, alikuja mzee wa kijiji kimoja cha milimani kutaka kibali cha kukata kuni za kuchomea matofali. Matofali yenyewe yalikuwa ya darasa la shule, jambo jema lisilo na lawama. Katika karatasi palikuwa na nafasi ya kuandika mahali pa kukatia. Ilikuwa Ijumaa alasiri, watu wamejaa barazani, na sisi tulikuwa na safari. Mzee akasema, "Ni kule mlimani, baba." Nasi tukaandika neno moja: mlimani. Tukagonga mhuri. Mzee akashukuru, akaenda zake.

Neno lile moja lilikuwa pana kama mlima wenyewe. Walikata kuni za matofali ya shule, kisha wengine wakakata za matofali yao, na kila aliyeulizwa alionyesha nakala ya karatasi ile ile. Wakashuka wakikata hata kitako cha bonde, mahali ambapo mikuyu na miti mingine ya maji ilikizunguka kisima. Kiangazi cha pili tulikwenda kijiji kile kwa msiba, kwa kuwa ni upande wa ukoo wa mama. Tulimkuta mama yetu mdogo ameketi kisimani tangu kabla ya jogoo, pamoja na wanawake wengine, wakingoja maji yajikusanye kikombe kwa kikombe. Ni kweli mvua za mwaka ule zilikuwa chache, wala hatuwezi kuutwika mhuri mzigo wote. Lakini mama yule alitutazama akasema kwa upole, "Mwanangu, karatasi yako imekunywa maji yetu." Hakuongeza neno. Akatupa kata ya maji, nasi tulikunywa kwa aibu.

Tangu siku ile hatujaandika tena neno "mlimani" katika karatasi ya mtu yeyote. Twaandika jina la bonde, jina la kitongoji, hesabu ya mizigo, na tarehe ya mwisho. Wengine hutuita wagumu. Na iwe hivyo. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na katika kazi yetu kila kibali kisicho na mpaka ni kidole kilichochovya.

Wala tusidhani kwamba wazee wetu wa nchi hii hawakujua kutunza ardhi, hata tukahitaji kufundishwa na mtarakwa wa mbali. Wamatengo walisukumwa milimani katika karne ya 19 kwa vita vya Wangoni, wakajikuta wengi mahali pa mteremko mkali. Ndipo walipoendelea na kilimo cha ngoro, ambacho wataalamu wa nchi nyingi wamekuja kukitazama. Mwisho wa masika mwanamume hufyeka nyasi. Hazichomi, bali huzilaza kwa mistari iliyokatana kama wavu wa kuvulia. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati na kuzifunika nyasi hizo, na hivyo mlima wote huwa na vishimo vilivyopangwa kama masega ya nyuki. Mvua ikinyesha, maji hutulia katika vishimo badala ya kukimbia na udongo, na nyasi zilizozikwa huoza zikawa mbolea. Maharage hupandwa kwanza juu ya matuta, kisha mahindi msimu ufuatao. Tazameni: nyasi zile zile ambazo mahali pengine huchomwa, mlima ukabaki uchi, hapa huzikwa zikazaa chakula. Hayo yalifanywa na watu ambao hawakuandikiwa waraka wowote.

Na huko ufukoni nako, ndugu zetu wa Liuli na Mbamba Bay hawakosi la kukumbuka. Meli ya misheni, Chauncy Maples, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1901, ilikwenda kwa moto wa kuni. Na kuni hizo zilikatwa katika pwani za ziwa hili. Siku hizi shoka halikatii meli, lakini lakatia matofali, mkaa na kukaushia samaki. Na mvuvi yeyote atawaambia kwamba mto ukileta tope ziwani, maji ya kandokando huchafuka pale pale samaki wanapozalia. Mlima na ufuko ni kichwa na miguu ya mtu mmoja.

Sasa twapenda kuweka mbele ya Chama mambo manne, nanyi mtayapima.

La kwanza, kila mwanachama ambaye kalamu yake hugusa vibali vya miti, mashamba au viwanja, na aahidi kutoandika mahali kwa neno la jumla. Na ataje mahali penyewe, kadiri na siku ya mwisho, na kama pana maji karibu na aandike umbali wake kutoka majini. Nafasi iliyoachwa wazi katika karatasi ni mlango ulioachwa wazi usiku.

La pili, tusinunue sisi wenyewe mbao zisizo na alama ya nyundo. Wengi wetu tunajenga, na mshahara wa karani mwaujua. Mbao za usiku ni rahisi kuliko mbao za mchana. Lakini mtumishi aandikaye sheria asubuhi na kuinunua jioni ilhali imevunjwa, atamwambia nini mwanakijiji?

La tatu, kila mmoja na apande miti katika kiwanja chake, nayo isiwe ya aina moja. Mkaratusi una faida yake ya nguzo na kuni, ukiwekwa mahali pake. Lakini usipandwe karibu na kisima, maana hunywa sana. Kandokando ya maji ipandwe miti ya asili ya pale pale, ambayo mababu waliiacha isimame bila kuulizwa.

La nne, Chama kiwaombe viongozi wa vijiji ruhusa ya kusema na watu habari za moto kabla ya miezi ya kiangazi kikali, Septemba na Oktoba. Tusiende kama mabwana wa kutoa amri. Twende kama wana wa nyumba, tukiwauliza wazee habari za ngoro na za visima vya zamani, nasi tuyaandike majibu yao kwa uangalifu tuandikavyo hawala.

Labda mtu atasema kwamba mambo haya ni madogo, na ya kwamba makarani hawawezi kuzuia msitu usiishe. Twakubali kwamba hatuwezi peke yetu. Lakini kumbukeni mtarakwa: hauhitaji mengi. Wahitaji mwangaza kidogo, ndege wa kubeba mbegu, mwenzi asiye mbali sana, na miaka ya kutochomwa. Anayeweza kuupa miaka hiyo si mwenye shoka wala mwenye bunduki. Ni yule anayeamua leo kwamba karatasi hii haitapita mpaka ijazwe sawasawa.

Jioni mkirudi nyumbani, yeyote aliye na kalamu ya risasi na aichonge, ainuse vumbi lake. Zamani kalamu ya namna hiyo iliweza kuwa ya mti ule. Nasi watu wa kalamu ndio tulioushika mkononi kila siku ya kazi.

 Aliye na swali na aulize; na aliye na kisa kama chetu cha Ijumaa alasiri, asione haya kukisema, maana ndipo Chama kitakapoanza kufaa.